Nusu Kidonge Ndani ya Chai

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili ili nipate pa kutukania. Kwenye kundi la familia la simu siwezi, kuna shangazi wawili na ba'mkubwa. Huku hakuna mtu.

Leo nimerudi na Mama kutoka kliniki. Dawa mpya. Ile ya kwanza, lorazepamu, imefutwa. Ilimtuliza, sikatai. Ilimtuliza kama gunia! Alilala hadi adhuhuri, akaamka kwenda chooni anapepesuka, akaanguka, akashonwa nyuzi tatu kwenye paji la uso. Kabla ya hapo hakuwa akikaa kabisa. Tangu Baba afariki, miezi minane sasa, ni kusugua mikono, kunyofoa nyuzi za kitambaa cha meza, na kutembea. Mlango wa jikoni hadi getini. Getini hadi mlango wa jikoni. Daktari anasema ni ugonjwa wa huzuni, na kwamba kuna huzuni inayomlaza mtu na kuna inayomwinua asikae tena. Kwenye faili kaandika "msukosuko wa kisaikomota". Neno lenyewe unalipanda kwa gia ya kwanza.

Sasa tuna haloperidoli. Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Vidonge ishirini, vya kutufikisha kliniki ijayo, Ijumaa ya tarehe 21. Na ile dawa ya huzuni yenyewe iendelee, matokeo baada ya wiki kadhaa. Haya. Tutayaona, kama nitakuwa hai.

Jumanne, 4 Machi

Kaka ametuma jedwali! Yuko mbali huko, safari ya ndege mbili, anatengeneza programu za kompyuta, basi na Mama amekuwa programu. Dawa, dozi, saa, usingizi, mizunguko, maoni. Kila jioni nijaze, nipige picha, niweke kwenye kundi. Anataka kulinganisha lorazepamu na haloperidoli, na kama zote zimeshindwa, iko ya tatu aliyoisoma, kwetiapini, ameshaitengenezea safu yake. Dawa haijaandikwa na daktari yeyote, lakini safu inayo!

Nilimuuliza mizunguko ndiyo nini. Akasema nihesabu Mama anakwenda getini mara ngapi kwa siku. Eti bila namba hatuwezi kujua. Nikamwambia mimi nina kazi. Akasema, "Mdogo wangu, si unashinda naye?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki Kaka alikilalia siku nne za msiba, akapanda ndege.

Nimehesabu. Sitini na tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Arobaini na moja! Sijui kama nishangilie. Kwenye safu ya maoni nimeandika saba juu ya kumi. Kundi zima limeshangilia kwa niaba yangu. Shangazi mdogo kaweka maua mengi.

Mama nakwenda naye kazini, kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwangalia. Nafundisha udereva. Anakaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, na ajabu ni kwamba ndani ya gari linalotembea hutulia. Mikono inalala. Anatazama maduka. Bosi alikunja uso siku ya kwanza, sasa kazoea. Wanafunzi nao wamezoea, ila Mama hawaachi. Leo mwanafunzi mmoja, muuza vioo, alikuwa anageuza gari, jasho linamtoka, sauti ikatoka nyuma: "Baba, kioo unakiuza tu, hukiangalii?" Tulicheka wote. Mama pia! Hiyo jedwali halina pa kuiandika.

Jumamosi, 8 Machi

Hamsini na nane. Tumerudi tulikotoka.

Na kwenye gari leo hakukaa. Anakunja mguu, anaukunjua, anaukunja. Anapiga nyayo sakafuni kama anayepiga maji. Nikamwambia Mama tulia, mwanafunzi anababaika. Akasema, "Si mimi, ni miguu." Nikamuuliza miguu ina nini, inauma? Haiumi. Inawaka? Haiwaki. "Inataka kwenda. Mimi nimechoka, yenyewe inataka kwenda."

Safu ya maoni: "Analalamika miguu." Maneno mawili. Nilikuwa na haraka.

Jirani yetu, nesi mstaafu, tunamwita Mama Sindano, kaja kuomba ndimu akakaa saa nzima. Anasema nusu kidonge ni dozi ya kifaranga. Enzi zao wodini walikuwa wanatoa kizima, tena mara tatu, na watu walikuwa kimya kabisa. Jioni Kaka naye kaja na lile lile, ila kwa grafu. Dozi iko chini. Hawa hawajawahi kukubaliana hata habari ya mvua, na leo wamekubaliana!

Jumapili, 9 Machi

Kliniki imefungwa. Mama alianza saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nafua, naona kanga inapita. Inarudi. Inapita. Nikahesabu hadi thelathini, nikaacha kuhesabu, kichwa kikawa kinahesabu chenyewe. Nilipiga kelele. Nilimwambia, "Mama, kaa chini, wewe si saa ya ukutani!" Akakaa. Sekunde kumi. Akainuka huku anasema samahani, samahani mwanangu.

Hiyo samahani ndiyo iliyonimaliza.

Nikampa nusu nyingine, saa nne. Akaikataa. "Daktari kasema asubuhi na jioni. Hii ya saa nne kaisema nani?" Mama alikuwa mpiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja, maagizo ya maandishi kwake ni maagizo. Nikarudi jikoni. Nikaiponda kwa mgongo wa kijiko. Nikaikoroga kwenye chai, sukari vijiko vinne. Kainywa yote.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kwenye jedwali nimeandika dozi kama ilivyoandikwa. Kaka akijua ataita mkutano. Ni kwa siku chache tu.

Jumatatu, 10 Machi

Alisinzia kidogo baada ya chai. Nikajiona daktari.

Kisha jioni: themanini na nne.

Jumatano, 12 Machi

Mia moja na tatu. Nimeongeza nusu ya pili, ya saa tisa, nayo kwenye chai. Basi sasa ni nne kwa siku: mbili za daktari, mbili zangu.

Mama Sindano anasema nisikate tamaa, dawa hizi zinataka ujasiri. Ujasiri wa nani? Anayemeza ni mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Mama amefungua mlango wa gari likiwa linatembea.

Taratibu, ndiyo, gia ya kwanza, tulikuwa uwanja wa mazoezi. Mwanafunzi ni mwalimu wa hesabu, binti mmoja mpole. Nikasikia upepo nyuma. Nikageuka — mguu wa Mama uko nje, unatafuta ardhi. Nilikanyaga breki zangu, za upande wa mwalimu, hadi tukagonga vichwa. Mama analia. Anasema hakutaka kuruka, alitaka kutembea tu, asingeweza kungoja gari lisimame. Mwalimu wa hesabu naye analia. Mimi nikawa natukana, sijui namtukana nani.

Bosi kaniita ofisini. Kwa upole, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mama asije tena.

Nimepiga simu kliniki. Nesi kaenda kumuuliza daktari, karudi. Anasema kama dozi hii imeshindwa namna hii, siku ya kliniki tuje na nguo zake. Atalazwa. Wataanza sindano ya dawa hiyo hiyo, ya kukaa mwezi mzima mwilini. Nikauliza hakuna njia nyingine? Akaniuliza anameza kama alivyoandikiwa? Nikasema ndiyo.

Nimesema ndiyo. Haraka kama mtu anayejibu salamu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kasikia. Nyumba hii kuta zake ni karatasi. Alisimama mlangoni, anahama mguu hadi mguu, akasema, "Usinipeleke mahali ambapo mlango unafungwa kwa nje. Kitu kingine chochote nitakubali. Nitajifunga mwenyewe kwenye kiti ukitaka."

Nilimwambia hakuna anayempeleka popote. Wakati huo huo kundini Kaka kaweka kura. Alazwe au asilazwe. Vidole gumba kumi na moja juu. Shangazi mdogo kaweka kidole na maua.

Mama hayumo kwenye kundi hilo. Linaitwa "Afya ya Mama".

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya ajabu. Niandike yote.

Asubuhi, mwalimu wa hesabu. Tuko uwanjani, mbele kuna ukuta. Nikamwambia simama. Akakanyaga, gari likaruka mbele. Akaogopa, akakanyaga zaidi. Likaruka zaidi! Nikakanyaga zangu, tukasimama ukuta unatutazama. Nikampa hotuba ninayompa kila mwanafunzi, miaka kumi na tisa sasa: "Ukikanyaga breki gari likazidi kukimbia, hiyo si breki. Usiongeze nguvu. Toa mguu kwanza." Akaitikia. Tukaendelea.

Mchana nikapita duka la dawa, kwa sababu vidonge vimekwisha. Mfamasia ni mdada mwenye miwani, sauti ndogo, huwa namdharau kidogo, Mungu anisamehe. Akatazama karatasi. Akatazama kalenda. Akasema hivi vilikuwa vifike hadi Ijumaa. Nikasema vimeanguka. Akaniuliza, vimeangukia wapi? Si kwa ukali. Alingoja tu. Watu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni, na yeye anangoja.

Nikamwambia. Yeye ndiye wa kwanza.

Hakunigombeza. Akaniuliza swali ambalo hata jedwali la Kaka halina: "Mama hataki kukaa, au hawezi kukaa?" Nikasema anasema miguu inataka kwenda. Akaniuliza, hiyo ya miguu ilikuwepo kabla ya dawa hii? Nikafikiri. Kabla ya dawa alikuwa anasugua mikono, ananyofoa nyuzi, anatembea, lakini garini alikaa. Miguu imeanza tarehe nane. Siku tano baada ya dawa. Akaniambia basi, dawa hii kwa watu wengine huingia miguuni. Inamfanya mtu asiweze kutulia, na kwa macho inafanana na ugonjwa wenyewe, hata wataalamu huchanganya. Mtu akidhani ni ugonjwa, anaongeza dawa. Dawa ikizidi, miguu inazidi. Nirudi kwenye dozi iliyoandikwa, nisiikate ghafla kwa akili zangu, nipige simu kliniki leo leo, na daktari aambiwe kila kitu. Alikirudia hicho kila kitu mara mbili. Kanihesabia vidonge vya hadi Ijumaa, si kimoja zaidi.

Nilikaa kwenye gari bila kuwasha. Miaka kumi na tisa nafundisha watu jambo moja! Nimekanyaga mafuta siku nane, nikaona gari linakimbia, nikakanyaga zaidi. Tena nimemkanyagia mama yangu mzazi. Kwa siri. Kwa sukari vijiko vinne.

Nimelia humo ndani hadi mtu kagonga kioo akidhani nauza gari.

Jumanne, 18 Machi

Nilipiga kliniki jana ile ile, nikakuta wamefunga. Leo nimepiga saa mbili kamili. Nesi yule yule. Nikasema habari ya miguu, kwamba imeanza baada ya dawa. Akasema loo, hilo ni muhimu, asipewe zaidi ya kilichoandikwa, daktari atamtazama Ijumaa. Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo — nikasema asante.

Asante! Mwoga mkubwa.

Chai leo ni chai tu.

Jumatano, 19 Machi

Jana mia moja kumi na nane. Leo tisini. Nilihesabu vizuri, kwa mara ya kwanza sikuhesabu kwa hasira.

Kaka kapiga. Kaiona tisini. Anasema dozi ni ile ile tangu mwanzo na namba zinapanda na kushuka hovyo, maana yake dawa haifanyi kazi kwa kiwango hicho, maana yake wodi na sindano. Kapanga yote vizuri sana, hatua kwa hatua, na kila hatua imesimama juu ya uongo wangu. Daktari ataliona jedwali, atafikiri hivyo hivyo. Mama atafungiwa mlango kwa nje na kuchomwa mwezi mzima wa ile ile iliyomwingia miguuni.

Na nikisema ukweli? Kaka alishasema tangu msiba: kama nitashindwa kumtunza, atampeleka nyumba ya wazee kule aliko, Mama asikojua hata salamu yao. Atapata sababu ya dhahabu. Binti anayemwekea mama yake dawa kwenye kikombe!

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini methali haijawahi kuongea na Kaka kwenye simu.

Alhamisi, 20 Machi

Sitini na sita. Na leo amekaa! Dakika saba, kwenye kiti cha jikoni. Mikono inasugua, lakini miguu imelala. Nilisimama na sufuria mkononi, naogopa hata kuiweka chini.

Nikampa chai. Akaonja. Akasema, "Ya juzi, na ya jana, na ya leo haina uchungu."

Nikavuta bakuli la sukari upande wangu.

"Ulidhani na ulimi nimeupoteza? Vijiko vinne vya sukari, mimi ambaye sinywi sukari?"

Nikamuuliza alijua tangu lini. Tangu kikombe cha kwanza. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anakunywa sasa, kwa nini hakumwaga, kwa nini hakunipiga nayo kichwani. Akatazama kitambaa cha meza, akaanza kunyofoa uzi, akauacha.

"Niliogopa nikikataa utanichoka."

Nimeketi naye hadi alipoinuka. Kisha nikatembea naye, getini na kurudi. Sikuhesabu.

Begi la nguo zake nimelifunga. Ametazama wakati nalifunga. Ameniongezea sweta.

Ijumaa, 21 Machi

Kliniki. Benchi. Naandika kwenye goti. Watu ishirini mbele yetu, sasa wamebaki watatu.

Asubuhi nilichukua jedwali la karatasi na kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani ya alama za barabarani. Kuanzia tarehe tisa nimeandika pembeni kila nusu yangu. Saa nne. Saa tisa. Chini kabisa: "Nilimwongezea mimi, kwenye chai, bila kumwambia." Karatasi imekuwa nyekundu kama mtihani wa aliyeanguka. Picha kundini sijatuma.

Kaka kapiga mara mbili. Ya kwanza: nimweke kwenye spika tukiingia, ataeleza data. Ya pili: nisimchanganye daktari na hadithi za miguu.

Mama anaketi, anasimama, anaketi. Mara nyingi anaketi. Alininyooshea mkono. "Lete hiyo karatasi." Nikampa. Akaisoma yote, kidole kinatembea mstari kwa mstari, mtu wa mahakama. Akaonyesha penye "Analalamika miguu".

"Hapa palikuwa na maneno mengi zaidi."

Nikasema ndiyo, Mama.

Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Nikamwambia Mama, daktari anaihitaji. Nikamwambia nitasema mwenyewe, nimejiandaa, naapa. Akasema, "Wewe umesema wiki tatu."

Nesi kaita. Nikainuka na begi. Nesi akasema hapana, leo daktari anaanza na mgonjwa peke yake, ndugu wangoje. Mama kaingia bila kugeuka. Mlango umefungwa.

Dakika kumi na mbili. Simu ya Kaka inatetemeka kwenye mfuko, naiacha. Maneno hayasikiki. Inasikika sauti ya Mama tu, na kwamba hakuna anayeikatiza.

Dakika ishirini na moja. Bado yeye.

Mlango umefunguka kidogo. Nesi katoa kichwa, anatazama benchi zima, uso wake hausomeki. Anauliza ni nani hapa aliyekuwa akimtengenezea mama chai.

Naandika nikiwa nimeshasimama. Nimeinua mkono —